Jeli ya mitishamba yenye vibebeo vya nano kwa maumivu ya goti: nianzie wapi, na nitajuaje kwamba imefaa?

Swali la msomaji: "Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika famasia. Ninataka kutengeneza jeli ya kupaka kwa wagonjwa wa viungo, hasa wa goti, kwa kutumia manjano na utomvu wa ubani. Msimamizi wangu anapendekeza transfasomu, ilhali wenzangu wananishauri nitumie chembe za lipidi. Makala ninazosoma zote zinasema jeli zao zilifaulu, lakini kila moja imetumia njia yake. Nichague kibebeo gani, na ni vipimo vipi vitakavyonithibitishia kwamba jeli yangu ni bora kuliko jeli ya kawaida?"

Jibu:

Ndugu msomaji, nitaanza na sehemu ya pili ya swali lako, kwa sababu ndiyo inayoiamua ya kwanza. Kibebeo, yaani chembe ndogo mno inayoibeba dawa, unaweza kukibadilisha hata kazi ikiwa imefika katikati, lakini mpango wa ulinganisho ukiwa na kasoro tangu mwanzo, hakuna takwimu utakayoipata baadaye itakayouokoa. Hapo ndipo makala nyingi za fani hii zinapopwaya: zinailinganisha jeli yenye vibebeo vya nano na wanyama wasiopakwa chochote, au na jeli ya dukani yenye dawa nyingine kabisa, kisha zinatangaza mafanikio. Swali ulilouliza linadai jeli nne zitengenezwe kwa msingi uleule na pH ileile: ya kwanza ni jeli tupu, ya pili ina vibebeo visivyobeba dawa, ya tatu ina dondoo la mmea lililoyeyushwa kwa njia ya kawaida, na ya nne ina dondoo hilohilo, kwa kiasi kilekile, ndani ya vibebeo. Tofauti kati ya jeli ya tatu na ya nne ndiyo faida ya nano, na tofauti kati ya ya pili na ya nne ndiyo kazi ya mmea. Pasipo tofauti hizo mbili, huna hoja ya kutetea mbele ya jopo la watahini.

Kibebeo anachokipendekeza msimamizi wako kina historia inayoonyesha uzito wa jambo hili. Transfasomu zilibuniwa nchini Ujerumani na Gregor Cevc na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni vifuko vidogo vya fosfolipidi (mafuta ya aina inayounda kuta za seli) ambavyo kuta zake zimelegezwa kwa safaktanti (kemikali ya jamii ya sabuni, inayopatanisha mafuta na maji), ili viweze kujikunja na kujipenyeza katika nafasi zilizo nyembamba kuliko vyenyewe. Ketoprofeni, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, ilitiwa ndani ya vifuko hivyo, na jeli yake ikafikishwa hadi majaribio ya awamu ya tatu kwa wagonjwa wa goti, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Katika jaribio mojawapo jeli hiyo ililinganishwa na vidonge vya selekoksibu (dawa nyingine ya maumivu), na vidonge visivyo na dawa, na pia na jeli yenye vifuko vitupu. Jeli yenye ketoprofeni haikuonekana kuwa dhaifu kuliko selekoksibu, lakini jeli yenye vifuko vitupu nayo haikuonekana kuwa dhaifu kuliko selekoksibu. Na katika jaribio jingine jeli yenye ketoprofeni ilishindwa kuonyesha kwamba ni bora kuliko ile isiyo na ketoprofeni. Baadaye jeli ya vifuko vitupu iliuzwa katika baadhi ya nchi kama kifaa tiba. Lau watafiti hao wasingaliweka kundi la vifuko vitupu, sifa yote ingepewa ketoprofeni, na hakuna ambaye angeweza kulipinga hilo kwa takwimu.

Hata jeli isiyo na kitu ndani yake haipaswi kudharauliwa. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao unaojumlisha matokeo ya majaribio ya tiba, kuhusu dawa za kupaka kwa maumivu ya muda mrefu yalionyesha kwamba baada ya wiki 6 hadi 12, takriban wagonjwa 6 kati ya 10 waliopaka diklofenaki walipata nafuu kubwa, ilhali miongoni mwa waliopaka jeli isiyo na dawa walikuwa takriban 5 kati ya 10. Kusugua goti, ubaridi wa jeli, matumaini ya mgonjwa na mwenendo wa ugonjwa wenyewe wa kupanda na kushuka, vyote hivyo vinachangia. Jeli ya mmea inayotaka kuheshimiwa lazima ishinde kiwango hicho, na dawa iliyokwisha kujulikana vyema imekishinda kwa tofauti ndogo tu.

Sasa tuuangalie ugonjwa, kwa kuwa "ugonjwa wa viungo" ni jina linalobeba mambo yasiyofanana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa wakiishi na osteoathraitisi, yaani kuchakaa kwa viungo, na goti ndilo kiungo kinachoathirika zaidi. Katika hali hiyo gegedu hulika, mfupa ulio chini yake hubadilika, na utando wa ndani wa kiungo huvimba kwa vipindi. Baridi yabisi ni jambo jingine: ni ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo vingi kwa wakati mmoja, na wakati mwingine hata mapafu na mishipa ya damu. Jeli haiwezi kuuzuia. Mgonjwa wa baridi yabisi anahitaji dawa zinazofika mwili mzima, kama vile methotreksati, tena mapema, kabla viungo havijaharibika. Jeli kwake inaweza kuwa nyongeza ya kupunguza maumivu ya mahali fulani tu. Kwa hiyo andika wazi katika pendekezo lako la utafiti kwamba unalenga osteoathraitisi ya goti, au ya vidole vya mikono. Hivyo ni viungo vilivyo karibu na ngozi. Nyonga imezama chini ya misuli minene, na sioni sababu ya kuahidi kwamba kitu kinachopakwa juu yake kitaifikia.

Kizuizi kikuu ni tabaka la nje kabisa la ngozi, ambalo kwa sehemu nyingi za mwili lina unene wa maikromita 10 hadi 20 tu. Ni seli zilizokufa, zilizopangika kwa tabaka na kuzungukwa na mafuta ya aina ya seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mwaka 2000 Bos na Meinardi walieleza kanuni ambayo hadi leo inatumika kama kipimo cha haraka: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 (daltoni ni kizio cha uzito wa molekuli) hupenya ngozi nzima kwa shida sana. Kurkumini ya manjano ina takriban daltoni 368, kwa hiyo kwa uzito inapita. Asidi ya boswelia inayosifiwa zaidi katika utomvu wa ubani, ile inayofupishwa kwa herufi AKBA na inayozuia 5-lipoksijenesi, kimeng'enya kinachochangia uvimbe, ina takriban daltoni 513, tena inapenda mafuta kupita kiasi. Itaingia katika tabaka la nje na kukwama humo, kwa kuwa tishu zilizo chini yake zina maji mengi. Jinjeroli ya tangawizi, yenye takriban daltoni 294, na kapsaisini ya pilipili, yenye takriban 305, zina nafasi nzuri zaidi kwa upande huu. Kapsaisini hata ina kipokezi chake kinachojulikana katika neva za maumivu, TRPV1, ambacho ugunduzi wake ulichangia David Julius kupewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Sikuambii uyaache manjano na ubani. Ninakuambia kwamba molekuli hizo mbili zina matatizo tofauti, na kibebeo kimoja huenda kisiyatatue yote kwa pamoja.

Kuhusu kurkumini kuna tahadhari nyingine ambayo lazima uijue kabla hujaingia maabara. Mwaka 2017 wanakemia wa dawa nchini Marekani walichapisha uhakiki mkali ulioonyesha kwamba kurkumini huvuruga vipimo vingi vya maabara: hung'aa yenyewe chini ya mwanga wa aina fulani, hushikamana na protini ovyo, hukamata madini ya metali, na huvunjika haraka ikiwa ndani ya maji. Kwa hiyo kipimo cha rangi kikikuonyesha kwamba kurkumini "imezuia" kimeng'enya fulani, jiulize kwanza kama kimeng'enya ndicho kilichozuiwa au ni kipimo kilichovurugwa. Ongeza kontroli yenye kurkumini bila kimeng'enya, na inapowezekana pima zao la mmenyuko kwa HPLC (mashine inayotenganisha kemikali na kupima kila moja) badala ya kutegemea rangi.

Kabla ya kuwaza kibebeo, piga hesabu ya dozi. Jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 hupakwa gramu 4 kwa goti, mara 4 kwa siku. Kila mpako una miligramu 40 za dawa, na kwa siku nzima ni miligramu 160. Jeli nyingi za nano za mitishamba zilizoko katika machapisho hubeba kurkumini kwa kiwango cha sehemu ndogo ya asilimia. Ikiwa jeli yako ina asilimia 0.1, gramu 4 zitakuwa na miligramu 4 tu, na sehemu kubwa ya hizo itabaki juu ya ngozi na kufutwa na nguo. Kibebeo kinachobeba kidogo sana hakifai hata kama chembe zake zinapendeza kwenye picha ya hadubini. Hesabu hii inachukua dakika chache, na imewaepusha wengi na miezi ya kazi isiyo na mwelekeo.

Sasa dondoo lenyewe. Mmea utambuliwe na mtaalamu wa mimea, na sampuli yake ikaushwe na kuhifadhiwa kwa namba kwenye hebariamu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Eleza ni sehemu gani ya mmea iliyotumika, kiyeyusho gani, na ni kilo ngapi za mmea mkavu zilizotoa kilo moja ya dondoo. Kisha pima kemikali za utambulisho kwa HPLC: kurkumini na ndugu zake wawili kwa manjano, na AKBA pamoja na angalau asidi moja nyingine ya boswelia kwa ubani. Rizomu ya manjano kwa kawaida huwa na kurkuminoidi za asilimia chache tu ya uzito wake mkavu, na kiasi hicho hubadilika kwa mavuno, udongo na namna ya kukausha, kwa hiyo dondoo lisilopimwa hufanya kila bechi ya jeli kuwa dawa mpya. Pima pia madini mazito, hasa risasi, kwa sababu unga wa manjano umewahi kukutwa umetiwa rangi ya kromati ya risasi ili ung'ae. Na ikiwa unanunua dondoo lililokwisha kutengenezwa, lipime kama limechanganywa na diklofenaki au steroidi. Bidhaa za mitishamba za viungo zimekuwa zikikamatwa mara kwa mara zikiwa na dawa hizo kwa siri, na jeli yako ikifanya kazi kwa sababu ya deksamethasoni (steroidi) ya mtu mwingine, utafiti wako wote utakuwa umejengwa juu ya udanganyifu.

Tufike kwenye uteuzi wa kibebeo. Jambo la kwanza si kuchagua bali ni kupima umumunyifu. Chukua mafuta kadhaa, safaktanti kadhaa, na ethanoli. Tia dondoo kwa ziada katika kila kimoja, tikisa kwa saa 24 au zaidi kwenye joto lisilobadilika, chuja, kisha pima kiasi kilichoyeyuka. Jedwali utakalolipata litakuambia mengi kuliko mapitio ya makala hamsini. Asidi za boswelia huenda zikayeyuka vizuri katika mafuta. Kurkumini huwakatisha tamaa wengi: haipatani na maji, lakini hata mafuta mengi ya kawaida huyeyusha kidogo tu, ndiyo maana ethanoli na safaktanti hujitokeza katika karibu kila fomula yake.

Kwa hali ya kawaida ya mwanafunzi mwenye maabara ya kawaida, mimi ningeanza na nanoemalsheni (matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanywa katika maji) au ethosomu, na transfasomu ningeziweka za pili. Ethosomu, ambazo Elka Touitou na wenzake walizieleza mwaka 2000, ni vifuko vya fosfolipidi vyenye ethanoli nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 20 na 45. Ethanoli hulegeza mafuta ya ngozi na wakati huohuo huifanya kurkumini ibaki imeyeyuka. Utengenezaji wake hauhitaji zaidi ya kikorogeo chenye sumaku, chombo kilichofungwa ili ethanoli isitoroke, na sindano ya kumiminia maji polepole. Ubaya wake ni kwamba ngozi iliyokauka huwashwa, na kopo likiachwa wazi fomula hubadilika. Nanoemalsheni yenyewe ni imara zaidi na inaweza kuzalishwa kwa wingi bila taabu, ila hubeba safaktanti nyingi. Chembe za lipidi ngumu zinazopendekezwa na wenzako zina kasoro moja inayojulikana tangu siku zake za mwanzo: lipidi inapoganda na kuendelea kujipanga katika fuwele kamilifu zaidi, huisukuma dawa nje, kwa hiyo chembe zilizobeba vizuri wiki ya kwanza zinaweza kuwa zimetapika mzigo wake baada ya miezi michache. Ndiyo sababu kizazi cha pili, chenye mchanganyiko wa lipidi ngumu na mafuta ya majimaji, kilibuniwa. Ukifuata njia ya wenzako, chagua hicho. Transfasomu si mbaya, ila fosfolipidi zake huoksidika na kuvunjika kwa urahisi, safaktanti ikizidi kidogo vifuko huyeyuka na kuwa miseli (vijidonge vidogo vya safaktanti visivyo vifuko tena), na zikitiwa kwenye jeli lazima uthibitishe upya kwamba bado zipo.

Usiandike mahali popote kwamba vibebeo vyako vinavuka ngozi vikiwa vizima na kuingia kwenye kiungo. Ushahidi mwingi uliopo unaonyesha kwamba vifuko vingi husambaratika ndani ya tabaka la nje, mafuta yake yakachanganyika na mafuta ya ngozi na dawa ikaendelea na safari yenyewe. Chembe nyingine hujikusanya katika vinyweleo na kuwa kama hifadhi inayotoa dawa polepole. Hiyo ni faida ya kutosha. Picha za hadubini zinazoonyesha rangi ya kijani ikiwa imezama ndani ya ngozi zinaonyesha mahali rangi ilipo, wala hazithibitishi kwamba kifuko kiliisindikiza hadi huko.

Utengenezaji wa jeli hauna siri kubwa, lakini kuna mahali pa kuangalia kwa makini. Watu wengi hutumia kabopoli (polima inayoyagandisha maji kuwa jeli) ya asilimia 0.5 hadi 2, iliyoachwa ilowe usiku kucha, kisha huigeuza kuwa jeli kwa kudondosha trietanolamini, ambayo ni alkali, hadi pH ifike kati ya 5.5 na 6.5. Ukiwa na kurkumini, angalia pale tone linapotua: rangi ya njano hugeuka nyekundu ya kahawia kwa sekunde chache, kwa kuwa pH ya mahali hapo imepanda mno, na kila wekundu huo unapotokea kurkumini kiasi huvunjika. Kwa hiyo igeuze kabopoli kuwa jeli kwanza, ikiwa tupu, upime pH yake, ndipo uchanganye vibebeo taratibu kwa kijiko cha silikoni au kikorogeo cha mwendo mdogo. Kabopoli pia huchukia chumvi. Dondoo la maji lenye madini mengi litaifanya jeli ilegee na kuwa kama uji mwepesi, na hapo ni afadhali kuhamia selulosi ya HPMC kuliko kuongeza kabopoli bila mwisho. Weka kihifadhi, kwa sababu maji na dondoo la mmea ni chakula kizuri cha bakteria na kuvu, kisha kijaribu kwa kuipandikizia jeli vimelea kama famakopea, yaani vitabu rasmi vya viwango vya dawa, zinavyoagiza.

Vipimo vya chembe ni sehemu ambayo wanafunzi huiandikia kurasa nyingi, na mimi ningeipunguza. Ukubwa, uwiano wa mtawanyiko wa ukubwa usiozidi 0.3, na chaji ya zeta (chaji ya umeme kwenye uso wa chembe) vinatosha, mradi uvipime mara mbili: kabla ya kutia vibebeo kwenye jeli na baada ya kuvitoa humo kwa kuzimua kwa maji. Makala nyingi huacha kipimo cha pili, nacho ndicho kinachohusu bidhaa ambayo mgonjwa ataipaka.

Kiasi cha dawa kilichonaswa ndani ya kibebeo ndicho kipimo kinachodanganya kuliko vyote. Utaratibu wa kawaida ni kuzungusha mchanganyiko kwenye sentrifuji ya kasi kubwa, kupima dawa iliyobaki kwenye maji ya juu, na kudai kwamba iliyobaki chini imenaswa. Kwa dawa inayoyeyuka katika maji hilo ni sawa. Kurkumini isiyonaswa haiendi kwenye maji. Huganda kuwa fuwele na kushuka chini pamoja na vibebeo, kisha inahesabiwa kama iliyonaswa, na hivyo ndivyo asilimia 95 na 98 zinavyopatikana kwa urahisi wa kushangaza. Zungusha kwanza kwa kasi ndogo, au chuja kwa kichujio cha maikromita 0.45, ili fuwele zitoke; angalia mashapo yake chini ya hadubini ya mwanga wa polaraizi, ambapo fuwele hung'aa; ndipo upime kilichobaki kwenye vibebeo. Asilimia itashuka, lakini itakuwa ya kweli.

Upenyaji kwenye ngozi hupimwa kwa seli ya Franz, iliyoelezwa na Thomas Franz mwaka 1975: ngozi hubanwa kati ya vyumba viwili, jeli ikiwa juu na kimiminika cha kupokea kikiwa chini, na uso wa ngozi ukishikiliwa kwenye nyuzijoto 32. Usitumie utando wa dayalisisi, ambao ni wa bandia, ukauita kipimo cha upenyaji. Huo unapima dawa inavyoachiliwa na jeli tu. Ngozi ya sikio la nguruwe inakaribiana vizuri na ya binadamu, wakati ngozi ya panya hupitisha vitu kwa wingi kupita kiasi. Pima ukinzani wa umeme wa kila kipande kabla ya kuanza, na ukitupe kilichochanika. Kumbuka pia kwamba vipande sita vilivyokatwa kutoka sikio moja haviwi ushahidi wa mara sita. Idadi inayohesabika katika takwimu ni idadi ya wanyama.

Kimiminika cha kupokea ndicho kinachoharibu majaribio mengi ya kurkumini. Utafiti wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba katika bafa (kimiminika kinachodumisha pH) ya fosfeti ya pH 7.2, kwenye nyuzijoto 37, takriban asilimia 90 ya kurkumini huvunjika ndani ya dakika 30. Jaribio la saa 24 kwa bafa tupu kwa hiyo litapima mabaki ya mabaki. Ongeza albumini ya ng'ombe (protini ya damu) au safaktanti isiyo na chaji kwa kiwango ambacho umekwisha kuthibitisha kwamba kinaiyeyusha na kuihifadhi dawa na hakiharibu ngozi, na shusha pH kidogo. Paka jeli kwa kiasi ambacho mtu angepaka kweli, miligramu chache kwa sentimita mraba, wala usiirundike nusu gramu juu ya ngozi. Mwishoni, vua tabaka la nje kwa vipande vya utepe wa gundi, kisha saga ngozi iliyobaki na upime dawa iliyomo. Kwa maumivu ya goti kiasi kilichobaki ndani ya ngozi hai kina maana zaidi kuliko kile kilichofika chini, kwa sababu ndani ya mwili mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi ingekuwa tayari inaibeba dawa kuipeleka mbali.

Kwa wanyama, ikiwa kamati ya maadili itakuruhusu, usiridhike na mguu wa panya uliovimbishwa kwa sindano ya karajinani, kemikali inayoleta uvimbe. Mfano huo ni wa uvimbe wa saa chache, na osteoathraitisi ni ugonjwa wa miaka. Mfano wa kuchoma sindano ya asidi ya iodoasetiki ndani ya goti huharibu gegedu na kuleta maumivu yanayodumu kwa wiki, kwa hiyo unafaa zaidi. Paka jeli baada ya ugonjwa kuanza, kwa kuwa hakuna mgonjwa anayepaka dawa siku moja kabla ya kuugua. Kunyoa kwa wembe huchubua ngozi na kuifungulia dawa njia; tumia mashine ya kukatia nywele na usubiri siku moja. Anayepima maumivu asijue ni kundi lipi limepakwa nini, jambo ambalo kwa jeli ya njano lina ugumu wake: jeli tupu lazima itiwe rangi inayofanana, au miguu isafishwe na mtu mwingine kabla ya kipimo. Na usisahau kwamba goti la panya liko milimita chache chini ya ngozi. Dawa iliyolifikia goti hilo haijathibitisha kwamba italifikia la binadamu.

Uimara wa bidhaa upime kwenye nyuzijoto 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6, sambamba na joto la kawaida la uhifadhi. Fosfolipidi nyingi hazitastahimili, na hapo utajua kama bidhaa yako inahitaji jokofu. Muwasho wa ngozi unaweza kupimwa kwa ngozi iliyokuzwa maabara, kabla ya kubandika kwenye ngozi ya wajitoleaji wazima. Mzio wa kugusa ni hatari ya kweli kwa dondoo za mimea, na kibebeo kinachoongeza upenyaji wa dawa huongeza pia upenyaji wa vizio vilivyomo kwenye dondoo, kwa hiyo kipimo hicho kifanywe kwa jeli kamili.

Ukifika mwisho wa shahada ukiwa na jeli nne zilizolinganishwa kwa haki, dondoo lililopimwa, na kiasi cha dawa ndani ya ngozi hai kilichopatikana kwenye kimiminika kisichoivunja, utakuwa na kazi yenye thamani hata kama jeli ya nano haitaizidi ile ya kawaida. Na matokeo ya namna hiyo uyachapishe, maana yanakosekana sana. Kama itaizidi, hatua inayofuata ni jaribio dogo kwa wagonjwa wenye osteoathraitisi ya goti iliyothibitishwa, wakigawanywa kwa kura, wakipaka kwa wiki zisizopungua 6 na maumivu yao yakipimwa kwa WOMAC, dodoso la maumivu, ukakamavu na utendaji wa kiungo, huku wakiendelea na mazoezi na dawa walizoandikiwa na daktari wao, na huku kundi la ulinganisho likipaka jeli yenye vibebeo vitupu.